INJINI HULA, DEREVA HULIPA

Ndugu zangu watumishi, liko jambo moja katika ofisi zetu ambalo wengi huliona kuwa dogo, walakini limewaumiza watu wasio na kosa. Nalo ni jambo la oili ya motakaa.

Kila ofisi yenye gari ina leja, na katika leja hiyo huandikwa lita za oili zilizotolewa kwa kila gari. Mwisho wa mwezi hesabu hutazamwa. Ikionekana ya kuwa gari fulani limepewa oili nyingi kuliko mengine, mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva wake. Huandikiwa barua ya kumtaka ajieleze. Naye, akiwa hana jibu ila kusema, “Injini inakula,” huonekana kuwa mjanja, na mara nyingi thamani ya oili ile hukatwa katika mshahara wake. Mimi nasema ya kuwa si haki kumtoza dereva hata senti moja kabla injini yenyewe haijapimwa. Na sababu zangu nitazieleza hapa moja moja.

Huenda msomaji akauliza, karani ana nini na injini? Jibu langu ni kwamba barua ile ya kumtaka dereva ajieleze huandikwa na karani. Leja hushikwa na karani. Hata hati ya kukata mshahara hupita mkononi mwa karani. Katika shauri hili dereva hana kalamu. Basi sisi tulio nayo yatupasa kuyajua tunayoyaandika, wala si lazima mtu awe fundi ndipo ayafahamu.

Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Pistoni hiyo huvishwa ringi, na kwa kawaida ni 3. Ringi mbili za juu huzuia nguvu ya moto isivuje kwenda chini. Ringi ya tatu kazi yake ni kuikwangua oili iliyotapakaa katika ukuta wa silinda na kuirudisha chini, kwa njia ya matundu madogo yaliyotobolewa katika pistoni, hata ifike katika sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Utando mwembamba sana wa oili hauna budi kubaki ukutani, maana bila huo ringi na silinda zingesagana. Na sehemu ya utando huo huungua pamoja na petroli. Kwa hiyo hakuna injini isiyokula oili kabisa. Swali ni moja tu: inakula kiasi gani?

Injini ikianza kuugua, kiasi hicho huongezeka. Pengine matundu yale ya pistoni huzibwa na masizi, na ringi ya oili huganda mahali pake, isiweze tena kukwangua. Pengine sili za valvu hukauka na kuwa ngumu, oili ikapenya kutoka juu gari linapolala. Gari la namna hiyo huonekana asubuhi likitoa moshi wa buluu kwa kitambo kidogo, kisha likaacha. Pengine kidude kidogo kipitishacho hewa ya ndani ya injini huziba au huharibika, na oili ikasukumwa au ikavutwa mpaka mahali pa kuungua. Na kidude hicho bei yake si kubwa. Tena yako magari yasiyokula bali huvuja, na dalili yake ni madoa chini ya gari au injini iliyolowa. Lakini iko hali moja inayowadanganya wengi: injini inaweza kuunguza oili nyingi kidogo kidogo mwendo wote, moshi usionekane kwa macho. Basi mtu asiseme, “Gari hili halitoi moshi, kwa hiyo oili imeibwa.” Kutokuonekana kwa moshi si ushahidi wa wizi.

Sasa tuwasikilize watengenezaji wenyewe. Katika vitabu kadha vya Toyota, ambavyo mnunuzi hupewa pamoja na gari, imeandikwa ya kuwa injini yaweza kula hata lita 1 ya oili katika kilometa 1,000. Kampuni ya Audi imetaja katika vitabu vyake nusu lita kwa mwendo huo huo. Haya si maneno ya dereva anayejitetea. Ni maneno ya aliyeiunda injini.

Na tufanye hesabu. Injini nyingi za petroli zenye silinda 4 hubeba kiasi cha lita 4 za oili. Tuseme ofisi humwaga oili kila kilometa 5,000. Injini ikila lita 1 kila kilometa 1,000, basi kabla ya kufika siku ya kumwaga itakuwa imekula lita 5, yaani zaidi ya oili yote iliyotiwa mwanzo. Na bado, kwa kipimo cha kitabu, injini hiyo haina kosa. Tutazame na safari tuzijuazo. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilometa 450 hivi. Gari liendalo na kurudi mara moja kila juma laweza kudai karibu lita 1 kwa juma, karibu lita 4 kwa mwezi, na kitabu cha kampuni kisilishitaki. Ikiwa gari halishitakiwi, dereva wake anashitakiwa kwa sheria gani?

Yafaa tujiulize pia kwa nini kipimo hicho kimekuwa kikubwa namna hiyo. Sababu moja ni kwamba ili gari litumie petroli kidogo, watengenezaji wengi wamepunguza mkazo wa ringi na kuagiza oili nyepesi, ili msuguano upungue. Faida ya petroli hutangazwa kwa herufi kubwa. Hasara ya oili huandikwa katika kitabu ambacho wachache hukisoma. Sababu ya pili ni kwamba mwenye kukiweka kipimo ndiye ambaye, kama angekiweka kidogo, angelazimika kuzitengeneza injini nyingi kwa gharama yake mwenyewe. Mfanya biashara akiachiwa ashike mizani peke yake, mnunuzi hana budi kuja na jiwe lake la kupimia.

Wala haya si mambo ya kudhani. Iko injini ya Toyota ijulikanayo kwa jina la 2AZ-FE, yenye ujazo wa lita 2.4. Mwaka 2011 Toyota huko Marekani iliwapelekea mafundi wake waraka juu ya injini hiyo: ikipimwa na kuonekana inakula kwoti 1 ya oili, yaani lita 1 kasoro kidogo, katika maili 1,200, ambazo ni kilometa 1,930 hivi, na zibadilishwe pistoni na ringi zake kwa nyingine zilizorekebishwa. Baadaye muda wa dhamana ukaongezwa kwa ajili ya ugonjwa huo. Angalieni vema, ndugu zangu. Kitabu chasema lita 1 katika kilometa 1,000 ni sawa. Waraka wasema karibu lita 1 katika kilometa 1,930 ni ugonjwa. Kampuni ni moja, vipimo ni viwili. Vivyo hivyo mwaka 2016 shauri la wenye magari ya Subaru huko Marekani, juu ya injini zilizokula oili kupita kiasi, lilimalizwa kwa mapatano, na dhamana ya injini zilizohusika ikaongezwa kutoka miaka 5 hadi miaka 8, na kutoka maili 60,000 hadi maili 100,000.

Wale wa Marekani walipata haki yao kwa sababu walikuwa na hesabu zilizoandikwa. Lakini dhamana zile zilikuwa zao, hazikuvuka bahari. Injini yenye jina lile lile la 2AZ-FE ilitiwa katika magari ya Harrier na Alphard yaliyouzwa Japani, na mengi ya magari hayo yameshushwa baadaye, yakiwa yamekwisha kutumika, katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Sisemi kila moja ni bovu. Nasema ya kuwa anayelinunua hapa, awe mtu au ofisi, hununua gari pamoja na tabia zake zote, na hakuna kampuni itakayomwandikia barua ya kumwita aje abadilishiwe pistoni. Fundi wetu hana waraka, dereva hana wakili, na mzigo wote huwa juu ya yule aliye chini kabisa. Kamba hukatikia pabovu.

Naijua ofisi moja, ambayo sitaitaja, ambamo dereva mwenye utumishi wa miaka mingi alikatwa mshahara miezi 3 mfululizo kwa ajili ya oili. Kila mara alijibu kwa maneno yale yale, na kila mara jibu lake liliitwa la dharau. Mwezi wa nne gari likapewa dereva mwingine, kijana aliyesifiwa na wote kwa uaminifu. Na oili ikaendelea kupungua kwa kiasi kile kile. Ndipo injini ikafunguliwa, na ringi za oili zikaonekana zimeganda kwa masizi. Injini ilitengenezwa kwa fedha za ofisi. Fedha za yule mzee hazikurudishwa, maana aliambiwa ya kuwa hakuna kifungu cha kuzirudishia. Wala si fedha tu. Katika faili lake zimebaki barua 3 zenye neno “upotevu,” na hakuna barua hata moja isemayo ya kuwa injini imekutwa na hatia badala yake. Mtu atakayelifungua faili hilo miaka 10 baadaye atasoma nini?

Najua kuna watakaonijibu ya kuwa wako madereva wezi. Ni kweli, wako. Kama walivyoko makarani wezi na wakubwa wezi. Sitetei wizi. Lakini kumkata kila dereva mshahara hakumkamati mwizi. Humfundisha tu kuiba kwa akili zaidi, na mwaminifu humwonyesha ya kuwa uaminifu wake hauna faida. Tena ina hatari nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Dereva aliyekatwa mshahara kwa kuomba oili, safari ijayo hataomba. Ataendesha oili ikiwa chini, akitumaini taa nyekundu ya oili kumwonya. Na taa ile, katika magari mengi, haipimi wingi wa oili bali msukumo wake. Inapowaka, mara nyingi injini imekwisha kukosa oili katika viungo vyake, na kilichobaki ni kusikia ikigonga. Hapo ofisi iliyookoa lita 3 za oili hupoteza injini nzima. Huo ni uwekevu gani?

Basi tufanyeje? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa ya jambo hili haimo katika chupa zile zinazouzwa kwa maneno matamu, zikiahidi kuponya injini kwa siku moja. Imo katika daftari, na daftari ni kazi yetu.

Gari likishukiwa, na limwagwe oili, litiwe mpya kwa kipimo cha kitabu, na kilometa zake ziandikwe mbele ya watu wawili, dereva akiwa mmoja wao. Kila kilometa 500 oili ipimwe: gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika kadha ili oili ishuke, kijiti kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kichomolewe tena na kusomwa. Kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kijiti, katika magari mengi madogo, ni kiasi cha lita 1. Kinachopungua kiongezwe kutoka chupa yenye alama za kipimo, pasipo kupita alama ya juu, kwa kuwa oili ikizidi nayo hudhuru. Na kiasi kilichoongezwa kiandikwe, wote wawili watie sahihi. Baada ya kilometa 2,000 daftari litasema lenyewe.

Na litasema wazi, kwa sababu mwizi na injini hawali kwa namna moja. Injini hula kwa kilometa, mwizi hula kwa tarehe. Gari likienda mbali, injini hula zaidi. Likilala wiki nzima, haili. Ikipanda milima au ikibeba mzigo mzito huenda ikaongeza kidogo, lakini kiasi chake hakipandi kwa sababu siku ya mshahara iko mbali. Ikiwa oili inapungua gari lingali limesimama, wala hakuna doa chini yake, hapo shaka ina msingi, na dereva aulizwe. Ikiwa inapungua kwa ulinganifu na mwendo, mwenye kuulizwa ni injini. Kwa njia hii mwaminifu husafishwa na mwizi hukamatwa, na wote wawili kwa ushahidi mmoja.

Hata injini ikionekana ina hatia, si lazima ihukumiwe kufunguliwa siku hiyo hiyo. Aanze fundi na mambo ya bei ndogo: atazame mivujo, atazame kile kidude cha hewa, ahakikishe ya kuwa oili itumikayo ni ya unene ulioruhusiwa na kitabu. Injini ilayo nusu lita katika kilometa 1,000 yaweza kutumika muda mrefu, maadamu inaongezewa kwa wakati. Na mara nyingi gharama ya kuiongezea ni ndogo kuliko ya kuifungua. Ilayo lita 1 na zaidi, hiyo hesabu yake ifanywe kwa makini, kwani mbali na gharama ya oili, masizi na madawa yaliyomo ndani ya oili huharibu pia chombo cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba. Katika hali zote mbili, lakini, ofisi ndiyo yenye gari, na ofisi ndiyo yenye deni.

Nina neno pia kwa wenzangu wanaokopa ili wanunue gari lao wenyewe. Mkopo wa miaka 4 au 5 si jambo la mchezo, na injini bovu yaweza kufa kabla ya deni kwisha. Kabla ya kutia sahihi, nenda asubuhi gari likiwa baridi, liwashwe mbele yako, utazame bomba la moshi. Usikubali kulikuta limekwisha pashwa moto. Chomoa kijiti ujionee. Uliza jina la injini, si jina la gari tu. Kisha ukilinunua, lipime kwa daftari katika kilometa 2,000 za kwanza kama nilivyoeleza. Rangi ya gari huonekana mara moja. Hamu yake ya oili huonekana kwa hesabu.

Kwa hiyo naiomba kamati ya chama chetu ilichukue jambo hili, ilipeleke kwa wakuu wa ofisi kwa adabu na kwa maandishi, likiwa na maombi 3. La kwanza, dereva yeyote asikatwe mshahara kwa ajili ya oili mpaka gari lake limepimwa kwa kilometa 2,000, naye akapewa nakala ya vipimo hivyo. La pili, ripoti ya fundi iandikwe, itiwe katika faili la gari na katika faili la dereva pia, ili aliyetuhumiwa bure asafishwe mahali pale pale alipochafuliwa. La tatu, dereva aliyekwisha kukatwa, na injini ikaonekana ndiyo yenye kula, arudishiwe fedha zake zote. Na kama hakuna kifungu cha kuzirudishia, basi kitafutwe kwa bidii ile ile iliyotumika kupata kifungu cha kuzikata.

Maombi haya hayaigharimu Serikali kitu ila daftari moja na kalamu moja kwa kila gari. Nasi makarani tusingoje jibu la kamati ndipo tuanze. Barua ya kumtaka dereva ajieleze itakapofika mezani kwako mwezi huu, kabla hujaipiga chapa, uliza neno moja tu kwa heshima: “Je, injini imepimwa?” Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ni mimi mwenzenu,
KARANI WA LEJA